Vipigo 121 na wajibu wa mwenye timu

Msimu wa 2024 timu ya besiboli ya Chicago White Sox ilipoteza michezo 121 kati ya 162. Tangu kuanza kwa karne ya ishirini hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyopata kupoteza mingi kiasi hicho, na waliotaka kucheka wameshacheka. Gazeti hili halioni sababu ya kuongeza kicheko chake juu ya vile vya wengine. Linalotusukuma kushika kalamu ni jambo ambalo kicheko kimelifunika: kwamba mwaka uleule mwenye timu hiyo, Jerry Reinsdorf, alikuwa akibisha hodi kwa viongozi wa jimbo la Illinois akitaka fedha za umma, zilizotajwa kufikia dola bilioni moja, ili timu yake ipate uwanja mpya katika eneo la The 78, kusini kidogo mwa katikati ya jiji. Hakupewa. Lakini mkataba wa uwanja wa sasa unakwisha mwaka 2029, na mwenye timu ambaye mkataba wake unayoyoma hakawii kurudi mezani.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na kanuni hiyo ni ya haki. Katika kila mchezo lazima mmoja aondoke mikono mitupu, na timu inayoburuza mkia si lazima iwe imemdhulumu mtu. White Sox nayo ilikuwa na nuksi zake. Kabla Aprili haijafika katikati, wapigaji watatu waliotegemewa kuliko wote, Eloy Jiménez, Luis Robert Jr. na Yoán Moncada, walikuwa wameshaumia. Mwezi Mei, katika mchezo na Baltimore, ilibakiwa na pointi mbili tu kusawazisha pale mwamuzi alipoamua kwamba mkimbiaji Andrew Vaughn, aliyekuwa akirudi kwenye kituo chake, amemzuia mlinzi aliyesubiri kuudaka mpira. Mchezo ukaishia hapo, wachezaji wakiwa wamesimama na vinywa wazi. Na mrushaji kijana Garrett Crochet aliwakosesha mpira wapigaji 209 katika awamu 146, kazi ambayo timu yoyote ingejivunia, na bado jina lake likaandikiwa ushindi 6 na vipigo 12. Mwadilifu gani atamtwisha kijana huyo mzigo wa msimu ule?

Ila methali hiyo inamsema mshindani. Uwanjani vijana walishindana kadiri walivyoweza. Ofisini kumbukumbu zinaonyesha vingine, na hapo ndipo penye uzito wa shauri hili.

Mashabiki wa White Sox walikuwa wameshaombwa subira mara moja. Desemba 2016 timu ilianza kuwatoa nyota wake, wa kwanza mrushaji Chris Sale, kwa ahadi kwamba vijana waliopatikana kwa kubadilishana nao watakomaa pamoja na kuleta ubingwa. Watu wakavumilia. Mwaka 2018 wakashuhudia vipigo 100, wakavumilia hata hivyo. Na vijana wakakomaa kweli: mwaka 2021 timu ilishinda michezo 93 ikaongoza kundi lake. Lakini mwishoni mwa 2020 mwenye timu alikuwa ameshamrejesha Tony La Russa, rafiki yake wa miaka mingi, mwenye umri wa miaka 76 na aliyekuwa nje ya kazi ya ukocha tangu 2011, awe kocha mkuu wa kikosi hicho cha vijana. La Russa ana heshima yake katika besiboli, na umri si hatia. Tunachokisema ni kwamba uteuzi ule ulifuata moyo wa mtu mmoja pale ulipopaswa kufuata mahitaji ya kikosi, na kikosi kilichochukua miaka minne kujengwa kikapoteza mwelekeo wake katika kipindi kifupi kuliko hicho. Mwaka 2022 kilimaliza na ushindi 81 na vipigo 81. Mwaka 2023 vipigo vikawa 101.

Agosti mwaka huo watendaji wakuu wawili, Ken Williams na Rick Hahn, walifukuzwa. Kabla mwezi haujaisha nafasi ikajazwa na Chris Getz, aliyekuwa akiongoza idara ya kulea vipaji ndani ya klabu ileile. Ikiwa nyumba imeungua, mtu anaweza kumwamini mmoja wa waliokuwamo kuijenga upya, na huenda akawa na sababu zake. Asichoweza ni kusema kwamba alitafuta fundi mji mzima. Machi 2024, wiki mbili kabla ya msimu kuanza, mrushaji mahiri Dylan Cease alipelekwa San Diego. Kati ya Julai 10 na Agosti 5 timu ikapoteza michezo 21 mfululizo, na siku mbili baada ya mkosi huo kukatika, kocha mkuu Pedro Grifol akafutwa kazi. Alikuwa na ushindi 28 na vipigo 89. Kwamba alistahili kuondoka hatubishi. Lakini kocha ni mwajiriwa, anapika kwa alichopewa jikoni, na aliyejaza ghala hakuguswa.

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Katika besiboli ya leo ziko timu zilizochagua kupoteza kwa miaka kadhaa ili zijijenge: Houston ilipoteza zaidi ya michezo 100 kwa misimu mitatu mfululizo hadi 2013, na mwaka 2017 ikatwaa ubingwa, hata kama ubingwa huo baadaye uliingia doa la wizi wa ishara. Anayepanda mbegu halaumiwi kwa kukosa mavuno mwezi uleule. Tungeipokea hoja hiyo kwa White Sox lau ingekuwa mara yake ya kwanza kuomba muda, na lau kupoteza kwenyewe kungeiletea faida. Hakukuleta. Kanuni za ligi zilizokubaliwa mwaka 2022 zinazuia timu ya jiji kubwa kuingia katika bahati nasibu ya vijana bora misimu miwili mfululizo, na kwa hiyo timu iliyopoteza michezo mingi kuliko nyingine zote haikuruhusiwa mwaka 2025 kuchagua kijana kabla ya nafasi ya 10. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa na kutiwa saini. Ofisi inayopanga kujijenga kwa njia ya kupoteza ilipaswa kuwa imeisoma.

Wala umaskini si kisingizio. Chicago ni jiji la tatu kwa ukubwa Marekani. Mkataba mnono kuliko yote ambayo White Sox imewahi kumpa mchezaji ni ule wa Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka 5, katika ligi ambayo mikataba ya zaidi ya dola milioni 100 imeshakuwa habari ya kawaida. Reinsdorf na washirika wake waliinunua timu mwaka 1981 kwa takriban dola milioni 20, na jarida la Forbes huikadiria thamani yake sasa kuwa karibu dola bilioni 2. Si dhambi kwa mali ya mtu kupanda thamani. Lakini mtu ambaye mali yake imekua kiasi hicho hana uso wa kuuambia umma kwamba hawezi kujijengea.

Atasema mtetezi wake kwamba timu ni mali binafsi, na mwenye mali ana haki ya kuiendesha vizuri au vibaya, ilimradi hasara ni yake. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na kama ingekuwa kweli tungeweka kalamu chini. Mwenye duka anayeuza bidhaa mbovu huadhibiwa na wateja wake, na gazeti halina la kusema. Tatizo ni kwamba timu ya besiboli ya ligi kuu haiishi katika soko la namna hiyo. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haiko chini ya sheria za kupinga ukiritimba, na kinga hiyo, pamoja na kupunguzwa baadaye kwa upande wa wachezaji, haijaondolewa hadi leo. Hakuna anayeweza kufungua timu mpya upande wa kusini wa Chicago akashindana na White Sox kwa mashabiki wake. Hakuna kushuka daraja: timu iliyopoteza 121 ilianza msimu uliofuata katika ligi ileile. Na kila timu huweka asilimia 48 ya mapato yake ya nyumbani katika kapu moja linalogawanywa sawasawa kwa timu zote 30, hivyo hata iliyojiangusha yenyewe huona sehemu ya jasho la wenzake. Biashara iliyokingwa dhidi ya ushindani, dhidi ya kushuka na dhidi ya sehemu ya hasara yake imeshapokea fadhila ya umma hata kabla haijaomba senti. Fadhila hiyo ni dhamana, na mwenye dhamana huulizwa.

Historia ya mchezo huu inayo kesi ya mwenye timu aliyejiona hana wa kumuuliza. Mwaka 1899 ndugu wawili wa ukoo wa Robison, waliokuwa wakimiliki timu mbili kwa wakati mmoja, waliwahamishia St. Louis wachezaji bora wa Cleveland Spiders. Cleveland ikabaki gofu: ushindi 20, vipigo 134, na watu wachache mno uwanjani kiasi kwamba timu ikamalizia msimu kwa kucheza karibu michezo yote ugenini. Mwaka uliofuata haikuwepo. Umiliki wa timu mbili ukapigwa marufuku baadaye, kwa sababu watu walitambua kwamba ligi ambayo mmoja wa wanachama wake hakusudii kushinda inawauzia watazamaji kitu kisichokuwepo. Hatusemi Reinsdorf ni Robison. White Sox haikunyonywa ili kuinenepesha nyingine, na mwenye timu huyu ndiye aliyeleta ubingwa wa 2005, wa kwanza kwa White Sox tangu 1917. Hilo ni lake na hatutamnyang'anya. Lakini tangu ubingwa huo timu haijavuka hata raundi moja ya mtoano, na shukrani ya miaka ishirini iliyopita haiwezi kuwa rehani ya mkopo wa leo.

Sasa tuje kwenye uwanja wenyewe. Mwaka 1988 Reinsdorf na mshirika wake Eddie Einhorn waliweka wazi kwamba wako tayari kuihamishia timu St. Petersburg, Florida, ambako uwanja ulikuwa ukijengwa kuingojea timu yoyote itakayokuja. Usiku wa Juni 30, siku ya mwisho ya kikao, Gavana James Thompson alizunguka ukumbini akiwabembeleza wabunge mmoja mmoja. Saa sita usiku ikapita, saa rasmi ya bunge ikahesabiwa kuwa bado haijafika, na kura ikapita kwa tofauti ndogo. Uwanja uliofunguliwa mwaka 1991 ni mali ya mamlaka ya jimbo, na deni lake lilipangwa kulipwa kwa kodi ya wageni wa hoteli za Chicago pamoja na ruzuku za jiji na jimbo. Ili upate mahali pa kusimama, ng'ambo ya Barabara ya 35 kutoka ule wa zamani, nyumba za wakazi wa South Armour Square zilibomolewa, na wengi wa wakazi hao walikuwa Wamarekani weusi wa kipato cha chini. Familia hizo zilihama ili timu isihame. Hesabu ya uwanja ule haitakamilika bila wao, hata kama hawamo katika kitabu chochote cha mapato na matumizi.

Kwa hiyo anayeomba leo aliwahi kupewa. Na swali la kwanza ambalo mtoa fedha yeyote mwenye busara humwuliza mwombaji wa mara ya pili ni alichokifanya na kile cha kwanza.

Mashabiki waliliuliza kwa sauti. Mwishoni mwa Septemba 2024, timu ikiwa na vipigo 120 na rekodi ikisubiri kimoja tu, Los Angeles Angels walikuja Chicago kwa michezo mitatu, na watu wakafika uwanjani wakijua kabisa wanachokuja kukiona. Siku ya kwanza White Sox ilikuwa nyuma 2-0 hadi awamu ya nane, kisha ikapata pointi tatu na kushinda. Katikati ya ushindi huo jukwaa lilikuwa likimtaka mwenye timu auze. Ikashinda michezo yote mitatu, na kipigo cha 121 kikaja Detroit, Septemba 27, usiku uleule wenyeji wao, Tigers, walipokuwa wakisherehekea kufuzu mtoano. Wako waliosema kwamba kelele zile zilikuwa utovu wa adabu kwa wachezaji. Hatukubaliani nao. Walipa kodi hawa hawana hisa katika klabu, hawaalikwi katika vikao vyake, na hawawezi kuihama kwenda kwa timu nyingine iliyo sawa nayo bila kuacha sehemu ya maisha yao. Jukwaa ndilo baraza pekee walilobakiziwa.

Wenye mamlaka wa Illinois, kwanza Gavana JB Pritzker na kisha wabunge, hadi sasa wameonyesha mashaka juu ya kutoa fedha za umma kwa viwanja, na kwa hilo wametenda linalowapasa. Mashaka, hata hivyo, hayajawa msimamo. Wabunge hubadilika, chaguzi huja, na vitisho vya kuhama huwa na nguvu zaidi kadiri mkataba unavyokaribia kwisha. Nevada ni onyo lililo karibu. Juni 2023 jimbo hilo liliidhinisha hadi dola milioni 380 za umma kwa ajili ya uwanja wa Athletics huko Las Vegas, msimu ambao timu hiyo ilipoteza michezo 112. Wiki ileile zaidi ya watu 27,000 waliingia uwanjani Oakland, ilikokuwa timu hiyo wakati huo, ili kuonyesha kwamba mashabiki wapo na kinachokosekana ni mwenye timu mwenye nia. Sauti yao haikuvuka mpaka wa jimbo. John Fisher, mwenye timu hiyo, ambaye kuiacha idhoofike kulimpunguzia watazamaji, aliutumia uchache wa watazamaji kuwa sababu ya kuondoka, na wenye timu wenzake wakampigia kura ya ndiyo bila hata mmoja kupinga.

Illinois ina mambo mawili ambayo Nevada haikuwa nayo, na hayo yanatosha kulikata shauri. Juni 2025 klabu ya soka ya Chicago Fire ilitangaza kwamba itajenga uwanja wa dola milioni 650 katika eneo hilohilo la The 78, kwa fedha za mmiliki wake, Joe Mansueto. Soka huko haina mapato ya kufikia nusu ya yale ya besiboli. Mwezi huohuo Reinsdorf alitangaza makubaliano na mfanyabiashara Justin Ishbia, ambayo kwayo anaweza kumuuzia udhibiti wa timu kati ya 2029 na 2033, na baada ya msimu wa 2034 Ishbia atakuwa na haki ya kuununua. Tarehe hizo zisomwe kwa makini. Mkataba wa uwanja unakwisha 2029. Timu yenye uwanja mpya uliolipiwa na wengine huuzwa ghali zaidi kuliko timu isiyo na uhakika wa pa kuchezea, na tofauti ya bei huingia mfukoni mwa anayeuza. Kila dola ambayo jimbo litatoa kabla ya mauzo hayo itakuwa nyongeza ya bei, iliyolipwa na mgeni wa hoteli na mwenye kibanda cha Barabara ya 35, ambao hawatapata hata barua ya shukrani.

Ligi nayo ina sehemu yake ya lawama. Kamishna Rob Manfred anaongoza chombo kisicho na kiwango cha chini cha mishahara ya timu, na ambacho adhabu yake inayoonekana kwa timu isiyojitahidi ni kuiondoa katika bahati nasibu ya vijana. Wenye timu wanataka ukomo wa juu. Wachezaji wanaukataa, nao wana sababu, kwa kuwa ukomo usio na kima cha chini ni mkono mmoja wa mizani. Mkataba wa pamoja kati yao unamalizika Desemba 1, 2026. Lolote watakalokubaliana kuhusu mishahara minono, isiwe halali kwa timu 30 kugawana mapato bila kila moja kubanwa kutumia sehemu iliyowekwa ya mgao huo kwa kikosi chake. White Sox haiko peke yake: mwaka 2025 Colorado Rockies ilipoteza 119, msimu wake wa tatu mfululizo wa kupita 100. White Sox wenyewe, chini ya kocha mpya Will Venable, waliongeza ushindi 19 na bado wakapoteza 102. Maendeleo hayo tunayatambua. Hayaondoi ukweli kwamba timu ya jiji kubwa kiasi hicho imepoteza michezo 324 katika misimu mitatu.

Kwa hiyo mamlaka ya viwanja ya Illinois na wabunge waanze sasa, wala wasingoje 2029. Waitake klabu ifungue hesabu zake kabla ya mazungumzo yoyote, si baada ya kura. Kama fedha ya umma itagusa hata barabara na mabomba ya kuufikia uwanja mpya, sheria itaje sehemu ya bei ya mauzo itakayorudi hazina pale udhibiti wa timu utakapobadilika mikono, awe nani muuzaji na awe nani mnunuzi. Wakazi wanaozunguka uwanja wa sasa waelezwe mapema, hadharani, eneo hilo litafanywa nini timu ikiondoka, kwa kuwa wao ndio walioachiwa vumbi mara ya kwanza. Na kama mwenye timu wa sasa anaona masharti hayo ni mazito, hakuna kinachowalazimisha viongozi wa Illinois kukubaliana naye: wanaweza kumaliza mkataba uliopo kama ulivyoandikwa, kisha wazungumze na atakayemrithi.